Hapa Hakuna Iteka

Kambi ya Lukole, Ngara
11 Machi 2007

Kwa Bi Joan Shilinde, Nyarubungo
Kwa mkono wa Bartholomayo

Dada,

Shikamoo ningekupa, lakini sijui kama unapokea salamu za watu usiowajua. Basi nianze na habari. Sisi tuko wazima. Mvua imeanza na turubai la jikoni limetoboka pale pale lilipotoboka mwaka jana. Mgao wa unga umepunguzwa tena. Wanasema kambi inafungwa, anayetaka kushiba arudi kwao Burundi. Kila wiki malori yanaondoka na watu, na upande wetu zimebaki nyumba tisa. Mama anaumwa mguu ule ule, ila anatembea. Mimi nimefika miaka ishirini, kama ulikuwa umeacha kuhesabu. Naandika Kiswahili kama ulivyomwagiza Bartholomayo miaka ile, ingawa mtu kumwandikia dada yake kwa lugha ya sokoni ni aibu.

Sasa jambo lenyewe.

Kwenye ukumbi wa vijana shirika limeweka kompyuta nne zenye intaneti, na msimamizi ni Mwalimu Bizimana. Kila Jumamosi anafungua mchezo wa maswali. Maswali ni kumi na mawili, kila swali lina majibu manne, unachagua moja. Yanakuja kwa Kifaransa, yeye anayafasiri kwenye kipaza sauti na ukumbi mzima unasikiliza. Ukikosa umetoka. Ukikwama una misaada mitatu, kila mmoja mara moja tu: kompyuta ikufutie majibu mawili ya uongo, au ukumbi upige kura, au umpigie mtu simu akuambie. Kwenye mchezo wenyewe huyo wa simu ni wa kubuni, mashine inajijibu. Bizimana alikataa. Alisema, "Rafiki wa mashine si rafiki. Hapa tutapiga simu ya kweli kwa mtu wa kweli." Anaishika simu mbele ya kipaza sauti, na sekunde thelathini zinahesabiwa.

Jumamosi ya tarehe tatu nilifika swali la kumi na moja. Hakuna aliyewahi kufika hapo. Watu walijaa hadi madirishani. Nikaomba msaada wa simu.

Bizimana akauliza, "Unampigia nani?"

Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Dada yangu."

Yaliyofuata unayakumbuka, na watu mia mbili wanayakumbuka pia. Nilisema, "Dada Iteka, ni mimi Nduwayo, niko hapa Lukole, nisaidie swali moja." Nikakusomea. Tukasikia kuku wa kwako. Halafu ukasema, "Umekosea namba. Hapa hakuna Iteka. Usipige tena." Ukakata.

Ukumbi ulicheka hadi mabati yakalia. Sasa watoto wakinipita kwenye foleni ya maji wananiita Umekosea Namba. Ndilo jina langu.

Miaka sita iliyopita uliondoka bila kuaga, ukapanda gari la Bartholomayo la kubeba ndizi kama mzigo. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilidhani hilo ndilo baya kuliko yote unayoweza kunifanyia. Kumbe lilikuwa dogo.

Jibu au usijibu.

Nduwayo


Nyarubungo, Biharamulo
1 Aprili 2007

Nduwayo,

Barua yako nimepewa na Bartholomayo gulioni Lusahunga. Nimeisoma nyuma ya banda la mkaa na nimeichoma hapo hapo. Habari za huku: mtoto wangu Anjelika ametimiza miaka minne, anakohoa lakini anacheza. Mume wangu Shilinde ni mzima. Mama mkwe, mayu Kwandu, ni mzima, na macho yake mazima zaidi. Ng'ombe wawili wamezaa. Salamu zimekwisha.

Namba ile ya simu nilimpa Bartholomayo kwa jambo moja, msiba. Aitumie siku mama akifa. Siku nyingine yoyote aisahau. Ilipoita nikasikia sauti yako, nilijua mama amekufa. Nikashika nguzo ya ghala nisubiri uniambie amekufa lini. Ukaanza kunisomea swali la mchezo.

Simu yenyewe ni ya Shilinde. Mwaka jana ilidondoka kwenye josho la ng'ombe, sehemu ya sikioni ikafa, tangu hapo inaongea kwa spika tu kama redio. Tulikuwa uani tunapukuchua mahindi: mimi, Shilinde, mayu Kwandu na majirani wawili. Wote wakasikia "Iteka". Wote wakasikia "Lukole".

Unajua hapa wananijua vipi? Mimi ni Joan, yatima wa Kihangaza kutoka Kabanga, niliyelelewa na mjomba wangu Bartholomayo. Yeye ndiye aliyesimama nilipoolewa. Kihangaza na Kirundi vinafanana, Msukuma hasikii tofauti. Miaka mitano ya ndoa nimeishi ndani ya uongo huo na nimezaa ndani yake. Mrundi aliyetoroka kambini akijulikana anarudishwa kambini, na sasa kambi nzima inarudishwa Burundi. Anjelika ni mtoto wa Shilinde, angebaki hapa. Mimi ningekuwa juu ya lori. Ulifikiria hilo uliposhika simu mbele ya watu wako mia mbili?

Nilipokata, mayu Kwandu aliuliza, "Iteka ni nani?"

Nikasema, "Sijui, mayu. Mtu amekosea namba."

"Mbona ulisimama?"

Nikarudi kwenye mahindi yangu. Swali hilo sasa ananiuliza kila siku kwa macho, hata akiniomba chumvi.

Halafu tuzungumze kuhusu swali lako. Chanzo cha mto Nile kilicho kusini kabisa kiko nchi gani: Uganda, Ethiopia, Burundi au Tanzania? Nduwayo! Tulilikariri darasa la pili. Bibi anayeuza dagaa hapo kambini analijua. Umezungukwa na Warundi ukumbi mzima, halafu unapiga simu Biharamulo kuuliza kama chanzo cha Nile kiko Burundi? Jibu hukulihitaji. Ulitaka kuniumbua, na umefanikiwa nusu. Nusu iliyobaki usiiguse.

Joan


Lukole
22 Aprili 2007

Dada Joan,

Nimeliandika jina hilo kama unavyotaka, japo linanikwama kama mwiba wa samaki.

Habari: Pasaka imepita, tulikula mchele. Mama na mimi tumeandikishwa kurudi. Siku yetu ni Jumanne tarehe 19 Juni, malori yanapita Kabanga hadi mpakani Kobero. Mama aliamua mwenyewe. Mimi nimekubali kwa sababu siwezi kumwacha aondoke peke yake. Wengine wanaweza.

Umesema jibu nilikuwa nalijua. Ndiyo, nilikuwa nalijua. Nitakuambia na sababu, ukae nayo.

Benchi la mbele alikuwa amekaa mama.

Hajawahi kufika ukumbini. Kompyuta anaziita masanduku ya wazungu. Siku hiyo nilimshika kwapani hatua kwa hatua, na mguu ule, tukachukua nusu saa kwa njia ya dakika tano. Nilimwambia, "Kaa mbele, leo nina zawadi yako." Namba nilikuwa nimeipata kwa Bartholomayo. Alikataa, nikamwambia uongo kwamba mama yuko mahututi, akanipa. Huo ni uongo wangu na ninaubeba mwenyewe. Nilijua mwaka huu tutavuka mpaka. Nilijua huji. Basi nikasema angalau mama akusikie mara moja.

Maswali magumu niliyapita bila kumuuliza mtu, nikaiweka akiba simu hadi lije swali ambalo ungelijua hata ukiamshwa usingizini. Lilipokuja la mto Nile nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Nilitaka useme neno moja tu, Burundi. Basi. Neno moja, kwa sauti yako, mama akiwa pale.

Ulipokata, sekunde kumi na moja zilikuwa zimebaki. Bizimana alisema, "Chagua, Nduwayo! Chagua tu!" Sikugusa kitu. Nilikuwa namtazama mama. Kengele ikalia nikatoka mchezoni kwenye swali ambalo kila mtu mle ndani alilijua.

Tangu siku ile mama hajasema neno juu yako. Hata moja. Sasa unajua ulichofanya.

Nduwayo


Nyarubungo
27 Mei 2007

Nduwayo,

Barua yako ya Aprili nimeipata juzi. Anjelika kikohozi kimeisha. Maharage yameharibiwa na mvua. Mayu Kwandu hajambo. Shilinde halali ndani tena, analala banda la zizini, anasema kuna fisi. Hakuna fisi. Mwezi uliopita alisafiri siku mbili, akasema anakwenda kutazama ndama wa kununua. Alirudi bila ndama, na kwenye mfuko wa shati lake nilikuta tiketi ya gari la Kabanga. Hakuniuliza kitu, nami sikusema kitu. Wiki hiyo hiyo Bartholomayo akaacha kuja gulioni. Barua hii ameibeba katekista, sijui itafika lini.

Sasa nisikilize, na usome mara mbili, maana mara ya tatu sitaandika.

Umeimba miaka sita kwamba niliondoka bila kuaga. Mwaka 2001 palikuwa na mtu mtaani kwetu hapo kambini. Jina lake silitaji hata leo. Alikuwa na vijana wa kumfuata wenye marungu, na alishachukua wasichana wawili kuwa wake zake, hakuna mzazi aliyefungua mdomo. Alimtumia mama ujumbe kwamba Jumapili atakuja kunichukua. Hakuomba, alitangaza. Alhamisi alfajiri mama alinipeleka kwa Bartholomayo, wakanilaza ndani ya gari na kunifunika kwa majani ya migomba. Nililia nikasema nataka kukuaga. Mama akasema, "Yule ni mtoto. Akijua ulipo atasema kwa pipi moja."

Kabla gari halijaondoka aliyafunua majani yale, akanishika kidevu kwa nguvu, akasema, "Kuanzia leo ukisikia mtu anaita Iteka, usigeuke. Hata nikiwa mimi ninayeita. Ukigeuka mara moja tu, kazi yangu yote imepotea."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kutoka kwake. Hakunipa baraka wala hakunikumbatia. Nimeyashika miaka sita. Mara ngapi nimetaka kumtumia hata kipande cha kitenge kwa Bartholomayo, nikaogopa. Siku ile ya mchezo wako nilifanya nilichoagizwa na mama. Wewe ndiwe uliyemshika kwapani ukampeleka mbele ili asikie nikifanya. Hilo usinibandike mimi.

Muulize. Na ukishamuuliza, usinitupie mama usoni tena.

Joan


Lukole
10 Juni 2007

Dada,

Barua imefika ikiwa imelowa, lakini inasomeka. Nyumba zilizobaki upande wetu ni tatu. Mapaa ya waliokwenda tumeyafanya kuni.

Nilimuuliza. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Alisema, "Ndiyo."

Nikamwambia, "Yule mtu alikufa zamani. Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Uliacha kuuliza."

Nilitoka nikapiga teke ndoo, maji yote ya siku yakamwagika. Ninyi wawili mmenilea kwa uongo. Mmoja aliniacha nimchukie dada yangu, mwingine aliridhika kuchukiwa. Usitegemee nikushukuru kwa kunieleza sasa, nikiwa na ndevu.

Lakini na mimi nilikuficha kitu, na nilikuficha kwa makusudi, ili ulale vibaya. Niliandika kwamba mama hajasema neno juu yako. Alisema. Watu walipokuwa wanacheka ukumbini alinishika mkono akasema, "Vizuri. Amekumbuka." Nilidhani akili zimemruka. Tulipokuwa njiani kurudi akasema, "Sauti yake imenenepa. Anakula huyo." Akacheka peke yake mpaka mlangoni. Sijapata kumwona akicheka hivyo. Nilimkasirikia yeye kuliko nilivyokukasirikia wewe.

Tunaondoka Jumanne ya tarehe 19, saa mbili asubuhi, kwenye uwanja wa malori. Sikuiti. Nakuarifu tu.

Nduwayo


Nyarubungo
1 Julai 2007

Kwa Nduwayo, mwana wa Niragira, Muyinga
Kwa mkono wa Bartholomayo, hadi Kobero

Nduwayo,

Natumaini mmefika salama na mguu wa mama umevumilia safari. Huku tumeanza kuvuna pamba. Bartholomayo amerudi kuja gulioni. Shilinde amemsamehe, lakini bado hampi mkono.

Uliniona uwanjani. Usiseme hukuniona. Ulikuwa umesimama juu ya lori la pili na begi la bluu, ukatutazama tukishuka kwenye gari, kisha ukatugeuzia mgongo. Nilikuita mara tatu, kwa jina lako, kwa Kirundi, mbele ya askari na watu wote. Hukugeuka. Kwa kuwa mama alipanda basi la wazee na hukuwa naye, nakuandikia uliyoyakosa kwa ukaidi wako.

Barua yako ilinifikia siku ya Jumamosi. Jumapili nilikwenda zizini nikamwambia Shilinde kila kitu. Alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua. Nilipomaliza alisema, "Kabanga nilifika Aprili. Hakuna mtu anayemjua yatima Joan. Miezi miwili nimelala na ng'ombe nikisubiri uniambie mwenyewe." Nikamuuliza kama ananifukuza. Akasema, "Mwanangu ana bibi mwingine, miaka minne, umbali wa nusu siku kwa gari, na mimi sikujua. Hilo ndilo linalonichoma. Nenda ukamwone. Mimi siendi, bado nina hasira."

Aliyekwenda ni mayu Kwandu. Alisikia yote nyuma ya ukuta wa zizi. Akatoka na fimbo yake akasema, "Nami nakwenda. Nataka kumwona mwanamke aliyemfundisha mkwe wangu kudanganya." Njia nzima kutoka Lusahunga, tukiwa tumekaa juu ya magunia ya chumvi, hakunisemesha. Alimpakata Anjelika akatazama barabara.

Mama alikuwa amekaa juu ya mzigo wake karibu na basi. Amekuwa mdogo, Nduwayo. Ulikuwa naye kila siku, huoni. Aliponiona hakusimama. Alitazama kwanza askari walikuwa wapi, kushoto na kulia. Ndipo akanitazama mimi.

Mayu Kwandu hakusubiri salamu. Alisema kwa Kiswahili chake kile cha Kisukuma, "Wewe ndiwe uliyemtuma aje kwangu na jina la uongo?"

Mama akasema, "Ndiyo, ni mimi."

"Kwa nini?"

"Aishi."

"Kwangu angeishi na jina lake."

"Labda. Sikukujua."

"Na ungenijua?"

Mama akafikiri kweli, hakukimbilia kujibu. Akasema, "Ningekuletea mwenyewe, kwa mguu."

Mayu Kwandu alisogea karibu. Akachomeka fimbo yake ardhini, akamnyanyua Anjelika, akamweka mapajani mwa mama. "Mshike vizuri," alisema, "ni mzito huyu. Anakula sana." Mama alimnusa mtoto shingoni, akamgeuza mikono, akazitazama kucha zake moja moja. Mimi nilipiga magoti hapo kwenye vumbi. Aliniwekea kiganja kichwani, akakiacha hapo. Tulikuwa na robo saa na hatukuitumia kwa maneno.

Kisha mtu mwenye orodha akaita, "Niragira, watu wawili!" Mama akainuka. Mlangoni mwa basi alisimama, akawaambia walio nyuma yake wangoje, akaniita kwa jina langu. Aliliita kwa nguvu, kama alivyokuwa akiniita kutoka kisimani nilipokuwa mdogo. Nikaitika.

Hayo ndiyo uliyoyapa mgongo. Umekosa wewe, si mimi.

Joan


Muyinga, Burundi
26 Agosti 2007

Dada,

Shikamoo.

Mama hajambo, anatembea na mti wa kahawa alioukata kuwa mkongojo. Jua ni kali. Chakula tulichopewa cha miezi mitatu kinaelekea kuisha.

Nilikusikia mara zote tatu. Sina zaidi ya hapo la kusema juu ya siku ile.

Nakuandikia kwa shida. Shamba la baba lina mtu. Amejenga, amepanda migomba, ana wake wawili. Hatukatai kwamba alilikuta tupu, baba akiwa amekufa na sisi tumekimbia. Lakini mbele ya wazee wa kilima, yaani wa kijiji chetu, amesema mtoto wa kiume wa baba alifia njiani mwaka 1993, na kwamba mimi ni mtoto wa kuokota kambini, mama ameniokota ili apate shamba. Nilikimbia hapa nikiwa na miaka sita. Waliniuliza jina la kisima, sikulijua. Waliniuliza baba alitumia mkono upi, sikuujua. Mama akijibu wanasema ana maslahi. Vitabu vya parokia viliungua.

Wazee wamesema watampokea shahidi mmoja, mtu wa damu asiye na fungu kwenye shamba. Binti aliyeolewa mbali hana fungu. Wamekutaja wewe. Wanakukumbuka kuliko wanavyonikumbuka mimi.

Shauri litasikilizwa Jumatano tarehe 26 Septemba. Anatakiwa mtu mwenyewe, barua hawaikubali. Najua ukivuka huna karatasi ya kukurudisha. Najua una mtoto. Nimekuita mara moja na nimeona matokeo yake. Kwa hiyo sikuombi. Mama ndiye aliyesema nikuandikie. Hapana, si kweli, mama hajui. Nimeandika mwenyewe.

Nduwayo


Nyarubungo
12 Septemba 2007

Nduwayo,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na nne. Anjelika ameanza kuhesabu hadi ishirini, anaruka kumi na tatu. Mayu Kwandu anaumwa jino na nyumba nzima inaumwa naye.

Kisima kinaitwa Nyakibingo. Baba alitumia kushoto, na ndiyo maana jembe lake hakuna aliyeliazima. Yashike hayo, lakini usiende kuyasema kama ni yako. Watajua. Hukuwahi kujua kudanganya, hata barua yako ya mwisho umeshindwa kuimaliza na uongo mmoja ndani.

Tutafika Kobero Jumatatu ya tarehe 24, mimi na Shilinde. Amekwenda kwa mtendaji wa kijiji na kueleza kwa mdomo wake kwamba mkewe ni Mrundi na alioa bila kujua. Wamemwandikia barua ya kunivusha na kunirudisha. Wengine wanasema haitasaidia mpakani. Shilinde anasema wakinizuia upande huo naye atakaa upande huo, hadi wachoke kumwona. Bado ana hasira na mimi. Nadhani amekusudia kuikalia karibu. Anjelika anabaki na mayu Kwandu. Nimemwacha mtoto nyuma ili nije, kwa hiyo usinipokee kwa uso wako ule.

Siji kwa sababu tumepatana. Sijasahau simu ile na sijasahau mgongo wako. Tukimaliza kwa wazee tutakaa chini wewe na mimi, tugombane mpaka tuishiwe sauti, mama asikie na ajue watoto wake wako wote.

Lakini kwa wazee, hili niachie. Nyuma ya sikio lako la kushoto una kovu lenye umbo la mundu. Hukuzaliwa nalo. Nililifanya mimi kwa jembe dogo, tukipanda mihogo upande wa juu wa shamba hilo hilo, ukiwa na miaka minne, kwa kuwa hukutaka kunitoka njiani. Ulitoka damu hadi kiunoni. Baba alinichapa mpaka kilima kizima kikatoka nje kutazama, na hao wazee walikuwepo, nywele zao zikiwa bado nyeusi, mmoja wao ndiye aliyemshika baba mkono. Nitakugeuza kichwa mbele yao, nitaweka kidole hapo, na nimtazame huyo mtu anayesema wewe si ndugu yangu.

Dada yako,
Iteka